Akidi ya Msibani

Mume wangu tulimzika shambani kwetu, juu ya Rhotia, pale mahindi yanapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Ugonjwa ulimchukua polepole, na machozi yangu mengi nilikuwa nimeyamaliza kabla hajafa. Kwa hiyo siku ya mazishi macho yangu yalikuwa makavu, na niliona kila kitu. Wakati mwingine natamani nisingeona.

Watu walikuja wengi mno. Kwetu msiba hauna mwaliko. Mtu akifa, majembe yanawekwa chini mpaka azikwe, na anayeonekana shambani kwake wakati maiti bado iko ndani, hata kama anang'oa magugu tu, jina lake linakwenda mbali. Vijana wanaofanya kazi kwenye hoteli za watalii waliomba ruhusa wakaja na sare zao. Pikipiki zilijaa kando ya barabara. Wanawake walikaa kwenye nyasi mpaka ukingoni mwa mbaazi, na kule jikoni masufuria ya wali yalikuwa yameanza kunukia.

Mimi niliketi kwenye mkeka karibu na kaburi, kanga imenifunika mpaka kwenye nyusi. Mjane kwetu hasemi kitu mazishini. Wengine wanamsemea.

Katekista alipomaliza sala, na wawakilishi wa ukoo walipomaliza salamu zao, mwenyekiti wa kijiji akaitwa atoe neno la serikali. Hilo ni la kawaida, kila msiba unalo. Alivua kofia.

"Ndugu wafiwa, poleni sana. Marehemu alikuwa mtu wa mikutano, nyote mnajua. Sasa ndugu zangu, kila nikiitisha mkutano mkuu hamji. Akidi haitimii, tunarudi nyumbani. Leo mmekuja. Naomba tumheshimu marehemu kwa kumaliza jambo dogo tu, kabla ya chakula."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo aliposikia habari ya chakula.

"Ni yale malisho ya kijiji, chini ya msitu. Mwekezaji wa mahema ya watalii anayaomba. Ameahidi darasa. Vijana watapata kazi. Wanaokubali wanyooshe mkono."

Lazima nieleze jambo moja ili anayesoma aelewe nilichokiona. Msibani mtu hufuata. Katekista akisema simameni, unasimama. Akisema inamisheni vichwa, unainamisha. Hakuna anayepima kwanza moyoni kama anataka kuinama. Mikono ilinyooka hivyo hivyo, kwanza ya wazee waliokuwa karibu na kaburi, kisha ya waliokuwa nyuma yao, ikaenda mpaka kwenye mbaazi. Wengine walinyoosha wakiwa bado wanaongea na jirani.

"Wasiokubali?"

Palikuwa kimya kama panavyokuwa kimya makaburini. Mtendaji wa kijiji aliandika kwa haraka. Kisha sanduku likashushwa, na watu wakaanza kutupa udongo.

Mume wangu ndiye aliyekuwa akiyakatalia malisho yale. Kila mkutano ulipoitishwa alivaa koti lake, hata jua likiwa kali, akashuka shuleni. Zamani alirudi jioni amekauka sauti kwa kubishana. Miaka ya mwisho alirudi mapema. Nikimwuliza vipi, alisema, "Tulikuwa mimi, mwenyekiti, mtendaji, na mbwa wa mtendaji." Siku za kupiga kura tulikuwa tunakwenda pamoja. Nakumbuka foleni ilipokuwa inalizunguka darasa, watu wanataniana na kukanyagana. Baadaye ikafika mlangoni tu. Mara ya mwisho tulipokwenda hapakuwa na foleni, na msimamizi mmoja alikuwa amesinzia, kichwa kimelala mezani karibu na sanduku la kura. Mwenyekiti wetu mwenyewe alipita bila kupingwa. Hakuna aliyekasirika. Watu walisema, "Afadhali, wametupumzisha."

Nami nilisema hivyo pia. Sikuona ubaya wake wakati ule.

Baada ya mazishi, mdogo wake mume wangu alikuja kuniletea kuni. Ni mtu wa utani, na tangu niolewe tunataniana naye.

"Shemeji," nikamwuliza, "na wewe ulinyoosha mkono?"

"Nilinyoosha."

"Kwa nini?"

"Wali ulikuwa unanukia." Aliponitazama usoni aliacha kucheka. "Shemeji, nani abaki na mkono chini mbele ya sanduku la kaka yake? Wangesema nina ugomvi na marehemu."

"Lakini marehemu alikuwa hataki."

"Ndiyo. Najua." Akapanga kuni zake vizuri kuliko ilivyohitajika, akaondoka.

Haukupita muda mrefu, uzio wa senyenge ukapita kwenye malisho. Mbuzi wetu walisimama pale wakitazama nyasi walizozoea kula. Kisha zikaja habari kwamba mahema yanahitaji maji. Chemchemi yetu iko kando tu ya ile senyenge, chini ya mti mkubwa wa mtini, na ndiyo inayonywesha vitongoji vyote vya upande wetu wakati wa kiangazi, wakati visima vya chini vinatoa tope. Mwenyekiti akatangaza mkutano mkuu wa kujadili chemchemi.

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza kuwa na umbo. Niliwaza, malisho ni malisho, mbuzi anaweza kufungwa kamba nyumbani. Maji huwezi kuyafunga kamba.

Nilikuwa bado katika msiba. Zamani nyumba iliyofiwa ilijitenga kabisa. Maji walichota chini ya mahali wanapochota wengine, ng'ombe walichungwa peke yao, na hawakuketi penye watu mpaka muda wao utimie. Kanisa limelegeza mengi, lakini mjane kuingia mkutanoni kabla ya sala ya kumaliza msiba bado ni jambo la kuangaliwa kwa jicho baya. Nilikwenda kwa bibi, jirani yangu wa karibu, mama mzee kuliko wote kitongojini. Yeye mwenyewe alipofiwa, miaka mingi nyuma, aliifuata mila yote bila kuruka hata kitu kimoja.

"Bibi, nikienda mkutanoni nitakuwa nimekosea?"

Alikuwa anachambua maharage. "Utakosea," akasema. "Nenda."

"Watasema."

"Waseme. Waambie ni mimi nimekutuma. Mwiko nilioutimiza mimi nimekuazima."

Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu waje. Sijawahi kufanya kazi ya namna hiyo, na sauti yangu ni ndogo. Hakuna aliyenifukuza. Wote walinipa kiti. Kijana mmoja anayeosha magari ya watalii alinisikiliza kwa adabu sana, kisha akasema, "Mama, hilo limeshaamuliwa huko juu. Sisi tukija tutabadilisha nini? Tutapoteza siku ya kazi bure." Mama mmoja alisema ni siku ya mnada. Mwingine alisema mikutano ni ya wanaume, na mume wake akasema mikutano siku hizi ni ya wanawake. Shemeji yangu alisema, "Nitakuja, shemeji. Utanikuta nimeshafika."

Nilipofika shuleni hakuwepo. Tulikuwa watu wa kuhesabika kwenye madawati, na wengi wetu ni wale waliokuwa wanapita. Mwenyekiti aliniona na kanga yangu ya msiba.

"Mama, wewe si uko kwenye msiba?"

"Niko, mwenyekiti."

"Sasa umefuata nini?"

"Chemchemi."

Mtendaji alicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alikaa kwenye dawati mbele yangu, na niliona amechoka. "Unaona mwenyewe," akasema. "Hawa wenzako hawaitaki wala hawaikatai. Mwekezaji ananipigia simu, wilayani wananipigia simu. Nikiitisha hamji. Nikiamua bila ninyi mnanitukana vilabuni. Nifanye nini mimi, mama? Niambie."

Ningekuwa na jibu ningemwambia. Mkutano uliahirishwa, akaitisha mwingine, nao ukaahirishwa vilevile.

Kisha bibi akaugua. Kifua kilimbana, miguu ikavimba, na waganga wa zahanati wakasema arudishwe nyumbani akae na watu wake. Nilikuwa naenda kumwogesha. Siku moja nimemweka juani, mwenyekiti akaja na kilo ya sukari na mche wa sabuni. Alikuwa hajawahi kufika pale tangu achaguliwe. Alimsalimia bibi kwa Kiiraqw, kwa heshima kabisa, akamwuliza anakula nini, analala vipi, maumivu yako wapi. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka njiani.

"Bibi ana watu, eh?" akasema. "Ukoo mkubwa. Wajukuu wako mpaka Mbulu, mpaka Karatu mjini. Tunamwombea apone. Lakini siku yake ikifika, hapa patajaa."

Alisema hivyo akitazama uwanja wa bibi, kama mtu anayekadiria eneo la kupanga viti. Labda hakuwa na maana yoyote. Mtu yeyote husema hivyo kuhusu mzee mwenye ukoo mkubwa. Lakini nilijishikilia kwenye mti wa mrangi.

Niliporudi, bibi alikuwa ameshika ile sabuni anainusa.

"Alikuja kunipima?"

"Bibi, usiseme hivyo."

"Alikuja kunipima." Akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie bado sijaiva." Nilimpa maji. Alipotulia alinishika mkono, na mikono yake ilikuwa ya moto. "Binti yangu, nisikilize. Wasinizike na chemchemi. Mimi mnizike, chemchemi muiache."

Nikamwahidi. Sijui kwa nguvu gani.

Tangu siku ile nilianza kuogopa vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu haogopi. Niliogopa pikipiki ikisimama kwa bibi. Niliogopa kumwona mwenyekiti barabarani, hata akinisalimia vizuri. Nikienda kuteka maji niliyaangalia na kuwaza kwamba uhai wa bibi ndio uzio wake wa mwisho, na uhai wenyewe unapungua kila asubuhi. Na nilijua nitakachotakiwa kufanya. Siku hiyo mwenyekiti akisema wanaokubali wanyooshe mkono, mimi nisimame niseme hapana. Mjane, mbele ya kaburi la mtu mwingine. Nilijizoeza maneno nikiwa napalilia. Nilisema kwa sauti, peke yangu katikati ya mahindi, "Mimi sikubali," kisha nikageuka kuangalia kama kuna aliyenisikia.

Bibi alifariki alfajiri. Mwanawe mkubwa alipita akituarifu, na tarumbeta ya kanisa ikapigwa kama desturi.

Siku ya mazishi nilikwenda mapema. Nilivaa, nikafunga kanga, maneno yangu nikayashika moyoni. Niliwakuta mwanawe, wakwe zake, na wanawake wachache wakipepeta mchele. Nikasema bado ni mapema. Tukaosha vyombo. Jua likapanda. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa uwanjani, mistari kwa mistari, na kuku walikuwa wanatembea chini yake.

Halafu nikasikia jembe.

Lilikuwa linatoka shamba la bondeni, mlio ule wa chuma kikigonga jiwe. Nikadhani nimekosea. Nikasikia la pili, upande mwingine. Wanawake waliokuwa nami wakaacha kupepeta. Tulisimama pale tukisikiliza watu wakilima, bibi yuko ndani kwenye sanduku, na mmoja wa wakwe zake akaweka ungo wake chini. Katika maisha yangu yote sijawahi kusikia jembe siku ya msiba.

Niliteremka mbio kwa shemeji. Nilimkuta kweli analima, hata shati hajavaa.

"Shemeji, bibi amekufa!"

"Najua. Mungu ampumzishe."

"Kaburi halijachimbwa. Njoo."

Alifuta jasho, hakunitazama. "Tukija tutanyoosha mikono," akasema. "Unajua tutanyoosha. Wote tumezungumza huku. Tumeona afadhali tusije."

"Si uje usinyooshe?"

"Shemeji." Sasa alinitazama. "Wewe unaweza kubaki mkono chini mbele ya maiti? Mimi siwezi. Nimejijua siku ya kaka yangu. Kwa hiyo siji."

"Basi mngekuja mkutanoni! Mngekataa huko, leo mkaja kuzika!"

"Mkutanoni," akasema, kama mtu aliyetajiwa mji ambao hajawahi kufika. Akainua jembe lake.

Kaburi la bibi lilichimbwa na mwanawe, katekista, wajukuu waliokuja kutoka Karatu mjini na viatu vyao vya mjini, na sisi wanawake. Kwetu wanawake hawachimbi kaburi. Tulichimba. Udongo wa pale juu ni mzuri lakini chini una mawe, na mikono yangu ilipasuka. Mwenyekiti alipofika na mtendaji wake, alisimama kwenye uwanja wenye viti vitupu, akavitazama muda mrefu. Kisha alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akashuka kaburini akachukua sururu kwa mwanawe bibi aliyekuwa amechoka. Alichimba vizuri. Ni mkulima kama sisi.

Sanduku tuliliteremsha vibaya. Kamba za upande mmoja zilishikwa na watu wasiotosha, likashuka kichwa kwanza, na mkwewe akapiga yowe. Katekista alisoma haraka. Kisha, kwa mazoea tu, akasema, "Namkaribisha mwenyekiti, neno la serikali."

Mwenyekiti alisimama, matope mpaka magotini. Akatuangalia mmoja mmoja. Alinifikia mimi, macho yakakaa hapo. Nilikuwa tayari, mdomo umeshafunguka.

"Poleni sana," akasema. Akakaa.

Wali ulibaki. Tuliwagawia wajukuu wakaondoka nao kwenye ndoo. Nilipokuwa nanawa mikono, mwenyekiti alikuja akasimama kando yangu, akasubiri maji.

"Wewe ndiye uliyewaambia wasije?"

"Hapana, mwenyekiti. Mimi nilikwenda kuwaita."

"Na mimi nilituma watu kuwaita." Alinawa taratibu, akisugua tope kwenye kucha. Nilimwona usoni, na nilichokiona hakikuwa hasira. Alikuwa ameogopa kama mimi. "Mama yangu mzazi ni mgonjwa," akasema. Alichukua koti lake akaenda.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda chemchemini. Hapakuwa na senyenge mpya. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mtini kama kawaida. Shemeji alikuwa pale na punda wake, anajaza madumu, na majirani wengine wawili wakisubiri zamu.

"Shemeji, mmemzika salama?"

"Tumemzika."

"Na lile jambo? Ameliuliza?"

"Hakuliuliza."

Akawageukia wale wengine, akawaambia, "Hakuliuliza!" na wote watatu wakacheka kwa furaha, furaha ya kweli. Mmoja akapiga makofi. "Si niliwaambia?" akasema. "Dawa yao ni kukaa nyumbani." Shemeji alininyanyulia ndoo akaniwekea kichwani, kwa upole, akanitania kwamba nimezeeka siku hizi, shingo inatetemeka.

Nilipanda mlima na maji yangu, nikiwasikia bado wanacheka kule nyuma. Walikuwa wanapanga nani atakwenda na nani hatakwenda, mama wa mwenyekiti akifa.